Kabla hujanyanyua pikapu yako Marekani: pima kwanza, nunua baadaye

Marekani haina sheria moja ya nchi nzima inayosema gari linyanyuliwe mwisho inchi ngapi. Serikali kuu inasimamia viwango vya usalama vya gari linapotoka kiwandani, na inasimamia moshi. Urefu wa gari kutoka ardhini umeachiwa majimbo, na kila jimbo limeamua lake. Ndiyo maana pikapu ileile inaweza kuzunguka Houston, Texas, mwaka mzima bila mtu kuuliza, ikifika Columbus, Ohio, ikaandikiwa faini siku ya kwanza.

Watu wengi huanza kwa kuuliza, "Hapa wanaruhusu seti ya inchi ngapi?" Swali hilo linawapoteza. Majimbo mengi hayajali namba iliyoandikwa kwenye boksi la seti ya kunyanyulia. Askari akikusimamisha anapima kutoka ardhini hadi sehemu fulani ya gari: bampa, chesisi, taa, au madigadi. Sehemu hiyo hutofautiana jimbo kwa jimbo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua jimbo lako linapima wapi, na ya pili ni kupima gari lako kabla hujatoa hata dola moja.

Nawaandikia ndugu zetu waliopo Texas, Minnesota, Ohio, North Carolina na kwingineko. Wengi wetu tumetoka mahali ambapo gari linanyanyuliwa kwa sababu ya barabara: Probox inawekewa spesa ili isikwaruze tumbo kwenye makorongo, na hakuna anayeshangaa. Huku mtu ananyanyua kwa ajili ya theluji, msitu, shamba, au kwa sababu tu anapenda gari refu. Sheria haiulizi sababu.

Hatua ya 1: Jua gari lako liko kundi gani

Fungua mlango wa dereva uangalie nguzo ya mlango. Kuna kibandiko chenye herufi GVWR, na mbele yake namba ya paundi na kilo. Huo ndio uzito wa juu kabisa ambao mtengenezaji ameruhusu: gari, abiria, mafuta na mzigo kwa pamoja. Uandike.

Majimbo mengi yanagawa magari kwa namba hiyo. Mipaka inayojirudia ni paundi 4,500 (kama kilo 2,040), paundi 7,500 (kama kilo 3,400) na paundi 10,000 (kama kilo 4,540). Gari dogo la abiria lina kundi lake, na kikomo chake ni cha chini zaidi. Usikisie kwa jina la gari. Ford F-150 mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa pande mbili za mpaka wa paundi 7,500, kutegemea injini na kifurushi cha kubebea mzigo, na hapo kila moja ina kikomo chake.

Florida ina utaratibu wake. Haitumii GVWR, inatumia uzito wa gari tupu lilivyosafirishwa kutoka kiwandani. Pikapu ya kati ya paundi 3,000 na 5,000 kwa hesabu hiyo inaruhusiwa bampa ya mbele inchi 28 na ya nyuma inchi 30, zikipimwa kwenye ukingo wa chini.

Hatua ya 2: Jua jimbo lako linapima wapi

Hapa ndipo penye uzito wote wa jambo hili, kwa hiyo tulia kidogo.

Kuna majimbo yanayopima bampa. Ohio ni mfano mzuri. Gari la abiria: inchi 22 mbele na nyuma. Pikapu na magari ya kazi nyingi: hadi paundi 4,500, inchi 24 mbele na 26 nyuma, kuanzia 4,501 hadi 7,500, inchi 27 mbele na 29 nyuma, kuanzia 7,501 hadi 10,000, inchi 28 mbele na 31 nyuma. Minnesota ni kali zaidi kwa namba: inchi 20 kwa gari la abiria, na 25 kwa pikapu, vani na magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne. Virginia nayo imo kwenye kundi hili.

Sababu ya kupima bampa ni nzito. Kanuni za serikali kuu zinataka bampa za magari ya abiria zilinde eneo la kati ya inchi 16 na 20 kutoka ardhini. Kwa hiyo gari dogo likigongana na gari dogo lingine, bampa hukutana na bampa. Sasa chukua pikapu ambayo ukingo wa chini wa bampa yake uko inchi 28. Inapita juu ya bampa ya gari dogo bila kuigusa na kuingia kwenye boneti. Ikigonga ubavuni, inapiga mlango kwenye usawa wa kifua cha abiria. Mama aliyeketi kwenye Corolla hana chuma chochote cha maana cha kumkinga kwenye usawa huo. Naomba jambo hili likae akilini mwako kabla hujawaza mwonekano.

Kuna majimbo yanayopima chesisi, yaani ile fremu ya chuma inayobeba bodi. California iko hapa. Gari la abiria mwisho inchi 23. Magari mengine: hadi paundi 4,500, inchi 27, 4,501 hadi 7,500, inchi 30, 7,501 hadi 10,000, inchi 31. Wanapima gari likiwa tupu, kwenye sehemu ya chini ya chesisi, katikati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. California pia haikubali nafasi kati ya sakafu ya bodi na juu ya chesisi izidi inchi 5, kwa hiyo huwezi kukwepa kwa kunyanyua bodi peke yake. Utah nayo inapima fremu, na vikomo vyake ni vya chini kuliko vya California: inchi 24, 26 na 28, kutegemea uzito.

Kundi la tatu linahesabu umeongeza kiasi gani juu ya urefu wa kiwandani. North Carolina inaweka inchi 6 kuwa mwisho wa kupandisha au kushusha gari la abiria, labda uwe na kibali cha maandishi kutoka kwa kamishna wa magari. Massachusetts wana hesabu kabisa: umbali kati ya kitovu cha gurudumu la mbele na la nyuma, mara umbali kati ya katikati ya tairi la kushoto na la kulia, kisha unagawa kwa 2,200. Ukiwa na gari lenye inchi 118 kwa urefu na inchi 63 kwa upana, unapata 7,434. Gawa kwa 2,200, jibu ni inchi 3.4 hivi. Naipenda hesabu hii kwa sababu inafuata maumbile ya gari: gari refu na pana linastahimili kunyanyuliwa zaidi bila kupinduka, fupi na jembamba halistahimili.

Kundi la mwisho halina kikomo cha urefu wa gari lenyewe. Texas ndiyo inayojulikana zaidi. Lakini hata Texas inataka taa kubwa za mbele ziwe kati ya inchi 24 na 54 kutoka ardhini, na taa za nyuma kati ya inchi 15 na 72. Kwa hiyo kikomo kipo, ila kiko kwenye taa. Arizona vilevile haipimi bampa, lakini ukinyanyua pikapu unatakiwa kuweka madigadi nyuma ya matairi ya nyuma, yashuke hadi yasizidi inchi 8 kutoka ardhini gari likiwa tupu.

Namba hizi hubadilishwa na mabunge ya majimbo. Kabla ya kununua chochote, fungua tovuti ya bunge la jimbo lako au ya ofisi ya magari usome kifungu chenyewe. Maneno ya muuza seti hayatakusaidia mahakamani.

Hatua ya 3: Pima gari lilivyo leo

Tafuta mahali pa saruji palipo sawa. Karakana au sehemu ya kuegesha magari dukani inafaa, uani kwenye majani hapafai. Jaza upepo kwenye matairi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, kwa sababu tairi lililolegea linaweza kukuibia nusu inchi. Shusha mizigo yote. Sukuma gari chini mara mbili tatu kila kona ili springi zikae.

Chukua futi ya chuma, ile ya fundi seremala, ushushe wima, usiilaze. Pima na uandike haya: ukingo wa chini na wa juu wa bampa ya mbele na ya nyuma, sehemu ya chini ya chesisi katikati ya ekseli, katikati ya taa ya mbele, na ukingo wa fenda juu ya kila gurudumu, futi ikipita kwenye kitovu cha gurudumu. Pima kushoto na kulia. Gari la zamani mara nyingi limelala upande wa dereva, na ni vizuri ujue sasa.

Halafu piga hesabu. Springi au seti ya inchi 4 inaongeza inchi 4. Tairi kubwa inaongeza nusu tu ya tofauti ya kipenyo, kwa sababu nusu ya tairi iko juu ya ekseli na nusu iko chini. Ukitoka tairi la inchi 31 kwenda 35, tofauti ni 4, lakini gari linapanda inchi 2.

Tuseme pikapu yako ina GVWR ya paundi 6,500, na ukingo wa chini wa bampa ya mbele uko inchi 22. Ongeza 4 za seti na 2 za matairi: 28. Ohio kikomo cha mbele ni 27, umevunja sheria. Florida, kama uzito wake likiwa tupu uko kati ya paundi 3,000 na 5,000, kikomo ni 28, umegusa ukuta kabisa. Texas hawaulizi bampa, wanauliza taa. Gari ni moja na risiti ni moja. Ukiwa Ohio, jibu lako ni seti ya inchi 2 au 3, au kubaki na matairi madogo zaidi, na umelijua kabla ya kununua.

Hatua ya 4: Chagua namna ya kunyanyua

Kuna kunyanyua kwa springi na shokomzoba, ambako kunapandisha chesisi na bodi pamoja. Kuna kunyanyua bodi, ambako vipande vinawekwa kati ya bodi na chesisi. Bampa na taa hupanda kwa kiasi chake, chesisi inabaki palepale. Na kuna kusawazisha: pikapu nyingi hutoka kiwandani pua ikiwa chini kidogo kuliko nyuma, mtu anaongeza inchi 2 mbele ili zilingane. Kwa maoni yangu, kusawazisha na kuweka matairi makubwa kwa saizi moja tu kunawatosha watu wengi wanaoendesha kwenda kazini, kanisani na msituni mara mojamoja. Ukivuka inchi 4, unaanza kubadilisha boljointi, tairodi, pembe za propela shafti na mipira ya breki, na bei inapanda kila hatua.

Namna moja naomba uiache kabisa: ule mtindo wa mbele juu nyuma chini unaoitwa Carolina squat. Gari linachuchumaa kana kwamba limebebeshwa tofali tani mbili nyuma. Dereva anaona anga na boneti yake. Mtoto anayevuka mbele ya gari, mtu wa baiskeli, hata gari dogo lililosimama kwenye taa nyekundu, vyote viko chini ya upeo wake. Taa zinamulika vioo vya wenzake badala ya lami. Na uzito ukihamia nyuma, matairi ya mbele yanapoteza mshiko, usukani na breki vinapungua nguvu.

Majimbo ya huko yamechoka. North Carolina ilipiga marufuku kuanzia tarehe 1 Desemba 2021: fenda ya mbele ikizidi ya nyuma kwa inchi 4 au zaidi kwa sababu ya mabadiliko uliyofanya, ni kosa, na ukipatikana na hatia mara tatu ndani ya mwaka mmoja leseni yako inafutwa kwa angalau mwaka. Virginia ilifuata 2022, yenyewe ikilinganisha bampa. South Carolina, ambako mtindo huu ulishamiri, sheria ilianza Novemba 2023: siku 180 za mwanzo zilikuwa za onyo, kisha faini ya dola 100, ya pili 200, ya tatu 300 pamoja na leseni kusimamishwa mwaka mmoja. Tennessee ilianza Julai 2024. Kwenye majimbo haya, futi inapita kwenye kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa fenda, isipokuwa Virginia. Ndiyo maana nimekuambia upime fenda hata kama jimbo lako linapima bampa. Siku ukishuka kwa barabara ya I-85 kwenda kumtembelea shemeji yako Charlotte, North Carolina, utahitaji namba hiyo.

Hatua ya 5: Matairi, madigadi na taa

Tairi likitokeza nje ya fenda, linarusha mawe na maji kwenye kioo cha aliye nyuma yako. Majimbo mengi yanataka tairi lifunikwe na fenda au madigadi. California ina kifungu chake na Arizona nimeshaitaja. Viongezo vya fenda na madigadi ya mpira havina gharama kubwa, viweke siku ileile unayofunga matairi.

Taa zinastahili muda wako zaidi. Ukinyanyua mbele kuliko nyuma, hata kwa inchi 2 tu, mwanga unapanda. Wewe ukiwa ndani utaona taa ni nzuri kuliko zamani. Wanaokuja mbele yako hawaoni kitu. Fanya hivi usiku: egesha gari mahali pa sawa, taa zikiangalia ukuta umbali wa futi 25, yaani mita 7.6. Pima kutoka chini hadi katikati ya taa, kisha weka mkanda wa karatasi ukutani kwenye urefu huohuo. Washa taa za chini. Ule mstari ambapo mwanga unakatika juu unatakiwa ukae kidogo chini ya mkanda. Ukiwa juu ya mkanda, fungua boneti, tafuta skrubu ya kurekebishia nyuma ya taa, uizungushe polepole kwa bisibisi huku mwenzako akiangalia ukuta. Inachukua dakika chache. Ni heshima kwa kila mtu utakayekutana naye usiku.

Taa za ziada, zile ndefu za juu ya paa, ni za porini. California inataka zifunikwe na kifuniko kisichopitisha mwanga gari likiwa barabarani. Usiweke taa nyekundu au bluu zinazoangalia mbele katika jimbo lolote. Hizo ni za polisi na magari ya dharura.

Hatua ya 6: Mifumo ya usalama na spidi

Magari madogo na pikapu nyepesi za kuanzia modeli ya 2012 zina mfumo wa kielektroniki wa kuzuia gari kuteleza na kupinduka. Mfumo huo ulipangwa kwa urefu wa kiwandani. Kunyanyua kunapandisha kitovu cha uzito, kwa hiyo gari linapinduka kwa kona ndogo zaidi kuliko ulivyozoea. Nunua seti ambayo mtengenezaji anaonyesha kwa maandishi kwamba imepimwa pamoja na mfumo huo, na mwambie fundi arekebishe upya sensa ya usukani, kamera ya kioo cha mbele na rada ya bampa kama gari linazo. Breki za kujifunga zenyewe zinategemea kamera hiyo kuangalia mahali sahihi.

Sheria ya serikali kuu inamkataza muuza magari au gereji kuzima kwa makusudi kifaa cha usalama kilichowekwa kwa mujibu wa viwango. Fundi akikuambia, "Nitakizima tu hicho kitaa cha dashibodi," ondoa gari lako. Anajiweka hatarini mwenyewe na anakuweka wewe pia.

Spidi nayo inadanganya. Tairi la inchi 35 badala ya 31 linasafiri asilimia 13 zaidi kwa kila mzunguko. Mshale ukisema maili 60 kwa saa, wewe uko karibu 68. Ukikamatwa na rada huwezi kujitetea kwa tairi. Magari mengi ya kisasa yanarekebishwa kwa kompyuta kwa muda mfupi. Hakikisha imo kwenye bei uliyokubaliana.

Hatua ya 7: Moshi na kelele

Hapa serikali kuu haijaachia majimbo. Sheria ya hewa safi inakataza kuondoa au kuharibu kifaa cha kupunguza moshi: katalisti, chujio la masizi la dizeli, na programu za kompyuta zinazovizima. Ukiona pikapu ya dizeli inauzwa bei nzuri na muuzaji anajisifu kwamba mfumo wa moshi umeshatolewa, umeuziwa deni. California inaongeza lake: sehemu nyingi za injini lazima ziwe na namba ya kibali cha bodi ya hewa ya jimbo, na mkaguzi huitafuta chini ya boneti. Hukohuko California, ekzosi ya gari dogo isizidi desibeli 95.

Hatua ya 8: Bima na makaratasi

Mpigie wakala wa bima kabla ya kazi, umwambie utafanya nini, na umwombe akujibu kwa barua pepe. Bima ya kawaida hulipa thamani ya gari la kiwandani. Seti, rimu na matairi vinahitaji nyongeza ya vifaa maalumu. Ukinyamaza, kampuni inapata sababu ya kubishana na wewe siku ya ajali. Na ajali ikitokea gari likiwa limezidi kikomo cha jimbo, wakili wa upande wa pili ataitumia namba ile kuonyesha uzembe wako, hata kama kosa la kuingia barabarani lilikuwa la mwingine.

Kuhusu dhamana ya kiwanda: sheria ya 1975 inayoitwa Magnuson-Moss hairuhusu kampuni kuifuta yote kwa sababu tu umefunga sehemu isiyo yao. Wanatakiwa kuonyesha kwamba sehemu hiyo ndiyo iliyosababisha uharibifu. Redio ikifa, seti haihusiki. Boljointi ikikatika, hapo mtabishana kweli.

Weka faili moja: risiti, cheti cha alaimenti (kunyoosha magurudumu), namba za sehemu, na picha za futi ikiwa imesimama kwenye bampa na fenda baada ya kazi.

Ukinunua lililokwisha kunyanyuliwa

Ndugu wengi hawanyanyui wenyewe, wananunua hivyo. Anayeandikiwa faini ni anayeendesha, hata kama kazi ilifanywa na mtu aliyemtangulia mara tatu. Nenda na futi yako. Pima kama nilivyoeleza, ulinganishe na jimbo utakaloendeshea, maana pikapu iliyonunuliwa Dallas kihalali inaweza kukataliwa Ohio.

Halafu inama chini ya gari. Angalia vipande vya chuma vilivyochomelewa kwa haraka kwenye springi au usukani. Zungusha usukani hadi mwisho, kushoto na kulia, huku ukitazama mipira ya breki: ikinyooka kama uzi, ni mifupi. Tafuta alama za kusuguana kwenye plastiki ya ndani ya fenda. Angalia kama grisi imetapakaa kwenye mpira wa ekseli ya mbele, dalili kwamba pembe ni kali mno. Tairi likiwa limelika upande mmoja, alaimenti haikufanywa. Kama muuzaji hana risiti hata moja ya kazi, shusha bei kwa gharama ya kurudisha kila kitu kilivyokuwa kiwandani, au ondoka.

Ukaguzi, safari, na ukisimamishwa

Texas iliacha ukaguzi wa usalama wa magari ya binafsi kuanzia tarehe 1 Januari 2025. Kipimo cha moshi kimebaki kwenye kaunti zenye miji mikubwa. Virginia, North Carolina, Massachusetts na Pennsylvania bado zinakagua. Kukosekana kwa ukaguzi hakumaanishi ruhusa: sheria ya taa ya Texas bado iko palepale, na askari anaweza kukusimamisha kwa hiyo wakati wowote. Ukivuka mpaka, kanuni za barabara uliyopo ndizo zinazokuhusu. Safari ya Houston hadi Charlotte inapita Louisiana, Mississippi, Alabama, Georgia na South Carolina. Andika vikomo vya kila moja kabla ya kuondoka, na ulifanye gari lako lifuate kile kikali kuliko vyote.

Ukisimamishwa, mikono kwenye usukani, ongea kwa adabu, mpe makaratasi anayoyataka. Muulize ni kifungu gani na alipima wapi. Ni swali halali na majibu yake yatakuwa kwenye tiketi. Usibishane pembeni mwa barabara, mahali pa kubishana ni mahakamani, na picha zako za futi ndizo ushahidi. Kwa makosa mengi ya vifaa, California inakupa nafasi ya kurekebisha: unatengeneza, afisa anasaini kwamba umetengeneza, unalipa dola 25 mahakamani, kesi inafungwa. Majimbo mengine yana utaratibu wao, umeandikwa nyuma ya tiketi.

Jambo moja lisikupite, hasa kama makaratasi yako ya uhamiaji bado yanashughulikiwa: usiipuuze tarehe iliyoandikwa kwenye tiketi. Faini ya bampa ni kosa dogo. Kutokufika mahakamani kunaweza kukuletea leseni kusimamishwa, na katika maeneo mengine hati ya kukamatwa, na hapo kosa la inchi moja limegeuka kitu kingine kabisa. Kama Kiingereza cha mahakama kinakusumbua, omba mkalimani wa Kiswahili kwa karani mapema, kabla ya siku yenyewe.